Wakili Nijibu: Nimeteleza Nimevunjika, Mwenye Jengo Anahusika?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi za watu kuanguka, nadhani ni hizi mvua. Kuna walioanguka dukani, kuna walioingia kwenye chemba, na kuna dada mmoja ameniulizia mdogo wake aliyeanguka kwenye barafu huko Marekani, hilo ndo naanza nalo kwa sababu lina haraka.

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi niko Tabata, mdogo wangu wa kike anaishi Boston na watoto wake wawili, amepanga kwenye jengo la ghorofa tatu. Wiki mbili zilizopita katoka asubuhi kwenda kazini akateleza kwenye njia ya kutokea mlangoni, palikuwa na barafu, kavunjika kifundo cha mguu na wamemuwekea vyuma. Anasema bomba la kushusha maji ya paa linamwaga hapo hapo njiani na mwezi uliopita alimtumia mwenye nyumba meseji kumwambia. Sasa mwenye nyumba anamjibu eti barafu kaileta Mungu. Mdogo wangu mwenyewe anasema dada acha tu ni bahati mbaya, halafu anaogopa kufukuzwa. Ana kesi kweli?

JIBU: Marahaba dada, mpe pole sana. Kabla sijaeleza chochote, jimbo la Massachusetts, ambako Boston ipo, lina sheria inayotaka mtu aliyeumia kwa theluji au barafu ampe mwenye eneo taarifa ya maandishi ndani ya siku 30 tangu aumie, aseme ni lini, wapi na kitu gani kilimuangusha. Wiki mbili zimeshaenda dada yangu. Ukimaliza kusoma hapa mpigie, aandike hiyo barua leo, abaki na nakala, aitume kwa njia ambayo itaonyesha imepokelewa. Akichelewa si lazima kesi ife, maana mwenye nyumba itabidi aonyeshe huko kuchelewa kumemharibia utetezi wake, lakini ya nini ajiingize kwenye mabishano hayo wakati barua ni ukurasa mmoja. Kesi yenyewe mahakamani ana miaka 3 kuifungua, na hapa ndo watu wengi wanapoumia, wanasikia miaka 3 wanakaa kimya kumbe zile siku 30 zinaisha.

Sasa hilo neno la barafu kaileta Mungu. Mwenye nyumba hakulitunga, kwa miaka mingi sana mahakama za Massachusetts zilikuwa zinasema hivyo hivyo, kwamba theluji iliyoanguka yenyewe ikaganda yenyewe haimhusu mwenye eneo, anahusika tu kama kuna kitu amefanya au ameacha kikasababisha barafu ikae pale kinyume na asili. Mwezi Julai 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta hiyo tofauti, kwenye kesi ya mtu aliyeteleza kwenye paking ya duka la Target mji wa Danvers. Tangu hapo barafu inahesabiwa kama hatari nyingine yoyote, mwenye eneo anatakiwa achukue hatua ambazo mtu makini angechukua, na mahakama inaangalia mambo kama ilianguka lini, alikuwa na muda gani wa kusafisha, watu wangapi wanapita pale, na kuisafisha kungemgharimu nini.

Na mdogo wako hata kwa sheria ile ya zamani angekuwa na la kusema, maana hiyo barafu imetoka kwenye bomba. Kwetu huku Dar hatuijui hii kitu kwa hiyo nieleze kidogo. Mchana jua linayeyusha theluji ya kwenye paa, maji yanashuka na bomba yanamwagika njiani, jioni joto likishuka chini ya sifuri yanaganda palepale na kuwa ngozi nyembamba ambayo asubuhi na mapema huioni kabisa, unaona lami tu. Wenyewe wanaiita barafu nyeusi. Dawa yake ni kugeuza mdomo wa bomba usimwage njiani na kumwaga chumvi, chumvi inafanya maji yasigande kirahisi ingawa ile ya kawaida ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri inakuwa haifanyi kazi vizuri, watu wanaongeza mchanga mguu upate kushika. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mwenye jengo la ghorofa tatu hawezi.

Ile meseji ya mwezi uliopita ndo roho ya kesi yake. Kesi za kuanguka zinashinda au zinakufa kwenye swali moja, je mwenye eneo alijua au alipaswa kujua? Wengi wanahangaika kulithibitisha hilo, yeye analo kwenye simu. Asiifute, apige picha ya skrini ikiwa na tarehe na namba, na simu asiiuze. Apige picha bomba na hapo mahali kabla mwenye nyumba hajarekebisha. Viatu alivyovaa avitunze bila kuviosha, maana upande wa pili lazima wataulizia soli. Rekodi za hali ya hewa ya siku ile, joto na theluji, idara ya hali ya hewa ya kule inazo na wakili atazipata.

Wataangalia na makosa yake pia. Massachusetts fidia inapunguzwa kulingana na sehemu yako ya kosa, na ukionekana kosa lako limezidi nusu hupati kitu. Kwa hiyo asianze kuandika mtandaoni wala kumwambia mwenye nyumba "na mimi nilikuwa nakimbilia basi". Aseme ukweli kwa wakili wake.

Kuhusu hela ya wakili, kesi hizi kule mawakili wengi wanazichukua bila malipo ya mwanzo, wanakata asilimia wakishinda, mara nyingi kama theluthi, na anayelipa fidia kwa kawaida ni kampuni ya bima ya mwenye nyumba, si yeye kutoa mfukoni, ndo maana simwelewi mtu anayeona aibu kudai. Na kufukuzwa, kule mwenye nyumba hawezi kumtupia mtu vitu nje, lazima apitie mahakamani, na akitaka kumtoa kwa sababu kaandika malalamiko ya maandishi kuhusu hali mbaya ya nyumba, sheria inamlinda mpangaji. Asiogope.

Wenye ndugu miji mingine msichukue hili jibu kama lilivyo, huko kila mji na mambo yake. New York tangu Septemba 2003 njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya jengo ni jukumu la mwenye jengo, mtu akiumia anamdai yeye na si jiji, isipokuwa nyumba za familia moja mpaka tatu ambazo mwenyewe anaishi humo, na ukitaka kudai jiji taarifa ni ndani ya siku 90. Chicago jiji linamtaka mwenye nyumba asafishe na faini ipo, ila sheria ya jimbo la Illinois inamlinda mwenye nyumba ya kuishi aliyejitahidi kusafisha akakosea, labda awe amefanya kusudi au uzembe wa kupindukia. Toronto, huko Kanada, taarifa ni ndani ya siku 60 kwa mwenye eneo na siku 10 tu kwa jiji. Siku 10! Mtu anakuwa bado yuko hospitali.

SWALI: Habari wakili, mi naishi Mwenge. Mama yangu ana miaka 62 alienda duka moja kubwa kununua vitu vya nyumbani, wakati anapita kuna mfanyakazi alikuwa ametoka kudeki, marumaru zimelowa na hamna kibao chochote, mama kaanguka kavunjika nyonga. Tumemfanyia oparesheni. Meneja alikuja mara moja na elfu hamsini na juisi, akasema mama angeangalia anapokanyaga. Watu wananiambia Bongo hamna sheria ya kuanguka, hiyo ni ya Wazungu. Kweli?

JIBU: Si kweli mwanangu na nakuomba usimwamini anayekwambia hivyo. Hatuna kifungu kinachotaja "kuanguka dukani", lakini mahakama zetu zinatumia sheria ya uzembe iliyotoka kwenye mahakama za Uingereza, tuliipokea kwa sheria kama ilivyokuwa kule mpaka Julai 22, 1920. Na kwenye hiyo kuna kanuni ya siku nyingi kwamba mtu aliyekuja kwako kibiashara una wajibu wa kumkinga na hatari isiyo ya kawaida ambayo unaijua au ulipaswa kuijua. Ilitoka kwenye kesi ya mwaka 1866, fundi wa gesi aliingia kiwanda cha sukari kufanya kazi yake akadondoka kwenye shimo ambalo halikuzungushiwa kitu, akashinda. Mama yako alikuwa mteja, ameingia kununua. Ni mtu wa aina hiyo hiyo.

Kingine, mwaka 1976 kule Uingereza mama mmoja aliteleza kwenye yogati iliyomwagika sakafuni kwenye duka la Tesco, hakujua imemwagika saa ngapi wala nani kaimwaga. Mahakama ya rufaa ikasema sakafu ya duka haitakiwi kuwa na yogati, kwa hiyo duka ndo lieleze lina utaratibu gani wa kuangalia sakafu, likashindwa kueleza. Hukumu kama hiyo haifungi mahakama zetu ila zinaweza kuisikiliza. Na wewe kesi yako ina nguvu zaidi ya hiyo, maji hayakumwagwa na mteja mwingine, yamemwagwa na mfanyakazi wa duka akiwa kazini, na mwajiri anawajibika kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kwenye kazi aliyotumwa. Hapo huhitaji hata kuthibitisha kwamba walijua.

Sasa "angeangalia anapokanyaga" kunaweza kupunguza fidia ikiwa mahakama itaona na mama alikuwa na sehemu yake ya uzembe, sheria yetu ya sura ya 310 inaruhusu kugawa kosa. Lakini marumaru iliyolowa na kavu zinafanana, mama wa miaka 62 anaangalia rafu anatafuta sabuni, hicho kibao cha njano kinauzwa bei ndogo tu, na kilitengenezwa kwa ajili ya hili hili. Mimi ningelibishia hilo mpaka mwisho.

Cha kufanya, na fanya wiki hii. Andikia duka barua ukiwataka wahifadhi picha za kamera za siku na saa ile, maana kamera nyingi zinajifuta zenyewe baada ya muda na hawatakusubiri. Tafuta mtu yeyote aliyekuwepo, hata yule aliyemnyanyua mama, chukua jina na namba. Risiti ya EFD ya vitu alivyonunua kama anayo inaonyesha alikuwa dukani siku na saa ile. Na risiti za hospitali zote, dawa, magongo, bajaji ya kwenda kliniki, kila kitu, kwa sababu hela uliyotumia mahakama haikupi kwa kukadiria, Mahakama ya Rufani ilishasema toka mwaka 1992 kwamba hasara ya aina hiyo inatajwa moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Nimeona familia zimetumia mamilioni zikaja na risiti za laki mbili, inauma sana. Maumivu na usumbufu ni fidia nyingine, hiyo hakimu anaipima mwenyewe.

Ile elfu hamsini kuipokea si kosa, ila kama kuna karatasi mmesaini niletee niione, kama hamjasaini msisaini kitu kilichoandikwa "hatutadai tena" kabla daktari hajasema mama atatembeaje. Mna miaka 3. Anza na barua ya madai, wengi wanalipa hapo hapo wakishaona umejipanga. Ikishindikana mahakamani, na siku hizi lugha ya mahakama ni Kiswahili, sheria ilibadilishwa 2021, kwa hiyo usiogope kwamba mama hataelewa kinachoendelea. Kama hela ya wakili ni tatizo kuna watoa msaada wa kisheria wanaotambulika kwa sheria ya 2017, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo hapo Kijitonyama, karibu yenu.

SWALI: Wakili, mimi nina jengo Sinza, chini fremu sita juu wapangaji. Kibaraza cha mbele nimeweka marumaru zile za kung'aa, mvua ikinyesha watu wanateleza, wawili wameshaanguka ila hawakuumia. Nimebandika tangazo "MWENYE JENGO HATAHUSIKA NA AJALI YOYOTE". Hiyo inanitosha?

JIBU: Haikutoshi kaka, na nakwambia kwa nia njema. Watu wawili kuanguka ndo kunakumaliza, kwa sababu wa tatu akivunjika huwezi kusimama mbele ya hakimu ukasema hukujua. Tena tangazo lenyewe ni ushahidi kwamba ulijua, ukapata muda wa kuprinti, hukupata muda wa kurekebisha. Tangazo la kumwonya mtu "hapa panateleza, pitia huku" lina maana kwa sababu linampa nafasi ya kujiokoa, hilo lako linamwambia tu hutamsaidia. Usilitegemee.

Wengi mnauliza ni mwenye jengo au mwenye fremu anayehusika. Sheria inaangalia nani ana mamlaka na hapo mahali. Ndani ya fremu mara nyingi ni mpangaji, lakini ngazi, korido, kibaraza na choo wanachotumia wote ni wewe, maana wewe ndo unaamua ziwekwe nini na zisafishwe na nani. Kwa hiyo ng'oa zile marumaru uweke za mgongo wa kukwaruza, au kama hela haijatosha mwezi huu kuna vipande vya mpira na tepu za msasa zinabandikwa, weka na mkono wa kushikia kwenye ngazi, na ukatae kabisa maji ya paa kushukia kibarazani. Mwambie fundi leo kabla mvua nyingine haijanyesha, kuna bibi atapita hapo kununua vocha.

SWALI: Nafanya usafi kwenye ofisi mjini Posta, nimeteleza ngazini nikavunjika mkono. Bosi anasema ni uzembe wangu mwenyewe hanilipi kitu.

JIBU: Pole mdogo wangu. Wewe njia yako ni nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndo anachangia na haruhusiwi kukata kwenye mshahara wako. Pale hutakiwi kuthibitisha bosi kakosea, unatakiwa kuonyesha uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Toa taarifa kazini kwa maandishi, mwajiri anatakiwa aipeleke WCF, akikataa nenda mwenyewe ofisini kwao na karatasi za hospitali.

SWALI: Shikamoo wakili. Usiku wa mvua huku Mwananyamala mume wangu, ni fundi, kadumbukia kwenye chemba pembeni ya barabara, mfuniko haupo, nadhani waliiba wauza vyuma chakavu. Maji yalikuwa yamejaa hakuona shimo. Ameumia mgongo, hajafanya kazi mwezi wa pili sasa. Nimdai nani?

JIBU: Marahaba mama, poleni mno, mgongo kwa fundi ni maisha ya nyumba nzima. Swali lako ndo gumu kuliko yote humu na nitakuwa mkweli, linawezekana lakini lina njia ndefu.

Kwanza jueni chemba ni ya nani. Inaweza kuwa ya maji taka, ya simu, ya umeme, au mtaro wa barabara, na barabara yenyewe inaweza kuwa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, au ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji anajua au atakuelekeza, na muombe akuandikie barua kwamba tukio analifahamu. Muulize pia kama kuna mtu alishalalamikia hilo shimo kabla. Hili ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu mfuniko ukiibiwa jana usiku watasema wasingeweza kujua, na hakimu anaweza kuwaelewa, lakini kama ulikuwa haupo tangu mwaka jana na majirani walisharipoti, hapo mwizi si kisingizio tena. Majirani wenye picha za zamani kwenye simu, hata picha ya mtoto amesimama hapo shimo likionekana nyuma, ombeni.

Pili, kama mhusika ni taasisi ya serikali au halmashauri huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Lazima umpe notisi ya siku 90 ya kusudio la kumshtaki ukieleza msingi wa madai, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu mabadiliko ya 2020 kesi inafunguliwa Mahakama Kuu huku Mwanasheria Mkuu akiwa ameunganishwa kama mdaiwa. Nimeona kesi nzuri za watu walioumia kweli zikitupwa kwa sababu ya hiyo notisi tu, hakimu hajafika hata kwenye shimo. Kwa hiyo notisi iandikwe na mtu anayejua, tafuteni wakili au mtoa msaada wa kisheria mapema mno, msingoje mgongo upone kwanza.

Wakati huo huo mzee aendelee na kliniki na kila safari uweke karatasi. Mtafutie mtu aandike alikuwa anaingiza shilingi ngapi kwa wiki, wateja wake wa kazi, daftari lake, meseji za M-Pesa walizomlipa, kipato cha fundi hakina salary slip ila kinathibitishika. Na leo hii kabla ya yote chukueni tawi la mti au tairi bovu mliweke kwenye hilo shimo, watoto wanapita hapo kwenda shule.